Rejeta Haikufungwa na Arsène

Désiré,

Tunaenda hospitali. Umempasua mdogo wako kichwa kwa spana ati amefunga rejeta ya kupasha joto chumba chenu, kisha bingwa wetu ukatoroka na ndala kwenye theluji! Nilikimbia vita Uvira, leo nafuta damu huku ugenini Husby.

Arsène hakufunga kitu. Nilipokuwa napangusa damu kwenye rejeta, nilikitoa kile kifungo cha kuongezea joto. Pini ya ndani imekwama chini, ndiyo inazuia maji moto yasipite. Igongegonge kwa mpini wa mwiko mpaka iruke yenyewe. Taratibu! Hicho si kichwa cha mtu.

Uji uko jikoni. Vaa soksi.

~~Tukirudi nisikukute hapa.~~

Tukirudi nikukute, na chumba kiwe na joto. Damu imemjaa usoni, bado ananiuliza, “Kaka ana viatu?”

Mama