Ngumi ya Maria Kwenye Kituo cha Mwisho

Sista Benadeta,

Brashi zako nimeziosha. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuitikia salamu.

Tangu tulipokuzika, kipindi cha sanaa nimebaki nacho mimi, mwanafunzi wako. Nafundisha vile vile ulivyonifundisha. Hakuna anayeshika penseli kabla hatujakaa kimya, mikono wazi juu ya meza, kila mtu akisali moyoni. "Kwanza pokea, ndipo uchore," ulikuwa ukisema, nasi tulikucheka tukishatoka nje. Sasa nasema mimi, na nadhani nao wananicheka. Rangi bado tunatengeneza kwa udongo wa kichuguu cha nyuma ya jiko, na sare bado tunachafua.

Ile Njia ya Msalaba uliyoichora ukutani mwa kanisa la shule uliiacha bila kituo cha mwisho, Yesu anapozikwa. Kwa muda mrefu sikuweza kuitazama ile sehemu nyeupe. Kisha nikampa aichore Nyamizi wa kidato cha tatu, yule binti wa Kabungu aliyekuwa hajibu hata akiulizwa jina. Baada ya wewe kufariki, naye alifiwa na mama yake. Ilikuwa masika, gari likakwama njiani, akafika nyumbani watu wameshatoka makaburini. Hakutupa udongo kaburini. Wewe ulikaa kwetu miaka mingi, unajua mtu aliyekosa kutupa udongo anavyoishi na ule mkono.

Alichora maziko ya kwetu. Wanaume wameegemea majembe, wanawake wamekaa chini, na Maria, kitenge kiunoni, amesimama ukingoni mwa kaburi akiwa amekunja ngumi. Udongo unachungulia kati ya vidole.

Mwenyekiti wa kigango alipouona mchoro alitikisa kichwa. "Mwalimu, hiki ni kituo cha msalaba au ni msiba wa Kabungu?" Akataka ule mkono ufutwe kabla ya Ijumaa Kuu, Maria achorwe ameunganisha mikono kwa sala kama kwenye kalenda.

Niliogopa, Sista. Mimi bado mgeni kazini, na yule mzee akisema neno linafika parokiani kabla yake. Nilishakoroga chokaa kwenye kopo. Lakini nilipoingia kanisani nikamkuta Nyamizi mbele ya ukuta, mikono wazi magotini, midomo ikitembea. Sikuwahi kumwona akisali bila kuambiwa. Nikairudisha chokaa stoo, nikamwomba mwenyekiti asali kwanza mbele ya ile picha. Nikamwambia baada ya hapo akitaka ifutwe, nitaifuta mwenyewe.

Ijumaa Kuu tulizunguka kituo kwa kituo. Kwenye kile cha mwisho wimbo ulikatika. Akina mama walianza kulia, na hawakuwa wakimlilia Yesu peke yake. Mwenyekiti, ambaye naye ni mgane, alifungua kitabu asome sala, akashindwa. Akakifunga, akapiga goti. Habari ya kuufuta ule mkono hajaitaja tena.

Watu walipoondoka Nyamizi alibaki.

"Madamu, naomba brashi," akasema. "Nataka kuufungua ule mkono."

Nilimpa ile yako nyembamba. Alichora polepole, vidole vikaachia, udongo ukadondoka kaburini. Alipomaliza akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba wake, nami nikamshika tu. Ulikuwa ukiniambia mshahara wa kazi hii haupitii benki. Nilidhani unanifariji kwa kuwa ule wa benki ni mdogo.

Nimekukumbuka sana, Sista. Hasa mtoto akiniuliza jambo nisilolijua, bado nageuka nyuma kukutafuta.

Pumzika kwa Bwana uliyemtumikia. Likizo ikifika nitamsindikiza Nyamizi kwenye kaburi la mama yake, na tukirudi tutapita kwako. Nami nakuahidi hivi: maadamu nina pumzi, hakuna mtoto atakayeshika penseli darasani kwako kabla hajafungua mikono.

Mwanafunzi wako,
Yusta