Jina Limekwenda kwa Muwati

Jumatatu, 8 Agosti 2005. Kitale.
Lebo asubuhi nzima, hapa kazini kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Matawi makavu ya migunga, gundi mikononi. Saa nne bosi akaingia na habari za mkutano wa wataalamu wa mimea huko Ulaya. Jina Akasia limehamishwa. Kila jina la mmea lina kielelezo chake, tawi moja lililokaushwa. Liliko tawi, jina liko hapo. Kielelezo cha Akasia kilikuwa mgunga wa Afrika. Wameweka mti wa Australia. Sasa muwati, mgeni aliyeletwa na wazungu kutoka huko kwa ajili ya maganda yake, ndiye Akasia. Mgunga wetu utafutiwa jina lingine. Sielewi. Nimeelezwa mara mbili, bado sielewi.

Jumatano, 10 Agosti.
Rose, mke wangu, amepiga simu kutoka nyumbani Kabuchai. Mtoto halali, analia tu. Zahanati wanasema hana ugonjwa. Senge, dada ya baba, anasema ni jina. Nilimpa la marehemu mama, Nafula. Ati mama hataki? Mama yangu? Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Ijumaa, 12 Agosti.
Bosi anasema tungoje, watu bado wanabishana. Tukibadilisha, lebo ya zamani haibanduliwi. Mpya hubandikwa kando. Angalau hilo.

Jumamosi, 13 Agosti. Kabuchai.
Senge alimpakata mtoto, akaanza kuita marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Kilio tu. Akafika kwa Nanjala. Kimya. Mtoto akanyonya, akalala.

Nanjala! Mke mdogo wa baba. Alikuja baadaye, akamtoa mama kwenye nyumba kubwa. Mama alikufa hawasalimiani. Nilitoka nikasimama kwenye miwa. Niliporudi nikamwomba Senge arudie, huenda mtoto alichoka tu.

"Mwanangu, mtoto amekubali," akasema. "Sasa wewe unabishana na nani?"

 

Jumapili, 14 Agosti.
Mvua. Sikwenda kanisani. Rose amelala, wiki nzima hakupata usingizi. Mtoto aliamka, akanitazama bila kulia. Nilitaka kumwita Nafula, mara moja tu, polepole. Nikaogopa atalia. Nikaogopa zaidi kwamba hatalia.

"Nanjala," nikamwita.

Akakishika kidole changu. Gundi ya Kitale bado iko ukuchani.