Mbwa kwa Kila Lugha

3 Machi
Baba mpendwa,
Shikamoo. Sisi wazima, mama kikohozi kimemwachia. Mgongo wako vipi?
Baba, chuoni nafuatilia neno moja la kale: mbwa. Kiarabu ni kalb, Kitigrinya kelbi, Kihausa kare. Huenda yote ni ukoo mmoja, wa maelfu ya miaka. Chumba chenu huko kambini, kwenye ujenzi, kimejaa watu wa lugha hizo na jamaa zake. Waulize wao humwitaje mbwa, uniandikie.
Mwanao

20 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Mgongo unauma. Salamu zimeishia hapo, nina hasira.
Niliuliza wakati wa kula. Watu wakaacha kula. Hapa msimamizi hututukana "mbwa", kila mtu kwa lugha ya kwao. Hujifunza makusudi, ili tusi lizame. Kichwa changu kilikuwa wapi, sijui. Fundi wa kuchomelea, ambaye neno lake msimamizi hajalipata mpaka leo, aliinuka na sahani yake: "Amekutuma, siyo? Kamwambie bwana wako aje mwenyewe!"
Sasa hakuna anayenishikia ngazi. Napanda na ndoo ya zege, ngazi inacheza kama jino bovu. Nikianguka, nalo uliandike chuoni.
Baba yako

2 Aprili
Baba,
Shikamoo. Nisamehe, sikujua. Usipande ngazi hiyo.
Ila neno la huyo fundi ndilo mwalimu analitaka kuliko yote. Lugha yao haijaandikwa popote. Mweleze kwamba ni elimu tu.
Mwanao

30 Mei
Baba, shikamoo. Mbona kimya? Mama halali. Na kazi yangu inakaribia kukusanywa.
Mwanao

11 Juni
Mwanangu,
Marahaba. Mama mwambie niko hai.
Elimu tu! Msimamizi alisikia habari zangu, akanijia anacheka: "Safi, mzee. La fundi ukilipata, niletee." Nilimwambia mbele ya watu akamuulize mama yake. Akanihamishia kuchimba mashimo ya vyoo, ndiko nilikokuwa wiki zote hizi.
Fundi alinifuata huko, akakaa ukingoni. "Kumbe si mpelelezi, mzee. Mjinga tu." Akaninong'oneza neno lao. Ndivyo bibi yake alivyomwita mbwa wao aje kula.
Nikamuuliza kama nikutumie. Akakataa. Karatasi husomwa na wengi, na huyu msimamizi wetu hachoki kulitafuta.
Kwa hiyo sikuandikii, wala usiniulize tena. Acha nafasi yake wazi kwenye kitabu chako. Na usithubutu kubahatisha.
Baba yako