Alhamisi za Otacílio

Mtaa wa Barata Ribeiro,
Copacabana, Rio de Janeiro,
16 Agosti 1997

Mpendwa wifi yangu Jandira,

Hujambo huko Hamamatsu? Mgongo umepata nafuu tangu ubadilishiwe zamu kiwandani? Mimi mwili hauna neno, ila situlii. Nakaa, nainuka. Jana nilipiga pasi mashati ya kaka yako, kisha nikajiuliza nayapigia nani.

Misa ya siku ya saba ya kumwombea kaka yako Otacílio ilikwenda salama. Maua yako yalifika, ahsante.

Sasa jambo linaloninyima raha. Mwanangu Leandro anataka niiache nyumba hii mwisho wa mwezi, nihamie kwake Niterói, na gitaa la baba yake tumpe mtu mwingine. "Mama, utabaki humu na nani? Na bossa nova, muziki ule wa baba, siku hizi anasikiliza nani, si wazee tu?" Nikamjibu, "Mwulize shangazi yako! Huko Japani wanaipiga mpaka kwenye vibanda vya tambi." Lakini alipoondoka nilianza kufunga vyombo kwenye magazeti. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena.

Jumatano akapanda Zuleide wa ghorofa ya chini, yule aliyekuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio kila Otacílio akipiga gitaa.

"Wee Nair, mbona kimya hivi? Mie sasa nigombane na nani?"

"Mwenyewe hayupo, Zuleide."

"Najua hayupo, nilikuja kuzika. Wanafunzi wake wa gitaa je? Nao umewazika?"

Nilikasirika, wifi. Hata kahawa sikumpa. Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku yao ya kujifunza, nikawapigia simu waje.

Walikuja wamenywea kama watoto waliovunja kitu. Mmoja wao, Rosângela, akachukua gitaa, akaimba vizuri, sauti ya chini, kila neno pamoja na mdundo. Pamoja mno! Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akiliacha gitaa litangulie, yeye anaimba akifuata nyuma kama mtu anayeteremka ufukweni bila haraka? Nilivumilia jikoni nikashindwa. "Chelewa, mwanangu! Chelewa!"

"Basi njoo utuonyeshe, Dona Nair."

Nikaimba, na taulo la vyombo begani. Sauti ilikwama katikati, wakaningoja, nikamalizia.

Usiku ule ule nilimwambia Leandro sihami, na gitaa halitoki. Akakata simu. Mpaka leo hajapiga. Kila simu ya jirani ikilia naruka. Wewe ni shangazi yake na anakusikiliza; mwandikie. Mwambie simkimbii yeye. Mwambie Alhamisi aje tu, akae hata mlangoni.

Nisalimie Mitsuo na binti yenu Aline. Mungu awalinde na awape usingizi mzuri, maana wangu umepotea.

Nami unikumbuke, Jandira.

Wifi yako akupendaye,
Nair