Makaa Chini ya Kitanda cha Bibi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwanao Athumani ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyoni si mzima. Naomba barua hii ikukute na afya, miguu imepungua kuvimba, na dada yangu Mwanaisha anaubeba mzigo wake salama.

Shemeji Bakari, wewe unayemsomea mama: tafadhali isome leo hii hii, na mkeo asiwepo. Humu mna maneno ya uzazi wake. Najua mama ni mkweo na mtaoneana haya, lakini nyumbani humo hakuna mwingine ajuaye kusoma, na jambo lenyewe haliwezi kungoja.

Mama, Bibi amefariki. Yule yule Bibi uliyemlelea mwanawe kule shamba la mkonge, aliyenileta huku Uingereza kumpikia walipostaafu yeye na marehemu mumewe. Ni siku kumi na mbili sasa. Nilikwisha kukuandikia barua fupi kwamba kifua ndicho kilichomuua, nikaifunga. Kabla sijaipeleka posta ikafika yako, nikaichana ile. Sasa nakueleza ukweli.

Unakumbuka nilikuambia kuwa kazi yangu ya pili, baada ya jikoni, ni kulisha jiko kubwa la makaa ya mawe lililo chini ya nyumba. Jiko lile lilichemsha maji, maji yakapita katika mabomba ya chuma mpaka vyumbani, watu wakapona baridi. Miaka sita nimelilisha alfajiri na jioni. Nilikuwa nikitema mate meusi, lakini nilijivuna, maana bila mimi nyumba ile haikaliki.

Kabla ya baridi ya mwaka huu, Bwana mdogo, yule mtoto uliyemlea, ambaye sasa ni fundi wa mitambo, alisema vumbi la makaa linammaliza mama yake. Akaling'oa jiko langu vipande vipande, akaweka mtambo wanaouita pampu ya joto. Usicheke, mama. Mtambo huo hauli kuni wala makaa. Unakwenda kwa umeme, unavuta maji ya kijito kilicho nyuma ya bustani, maji baridi ya kuuma meno, unayanyang'anya joto lililojificha ndani yake na kulileta nyumbani. Wakati wa jua kali anaweza kuugeuza ukapoza vyumba. Nilimwambia, "Bwana mdogo, joto gani katika maji haya? Hata samaki wake wanatetemeka." Alicheka sana. Kisha akaziba njia zote za moshi kwa matofali, akaziba na kila upenyo wa madirisha ili joto lisitoroke. Mimi akaniambia nipumzike, nimeshachoka na sepetu.

Sikupumzika. Kila nilipopita nilishika mabomba. Enzi za jiko langu yalikuwa yakiunguza kiganja. Sasa yana uvuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nikajisemea mtambo huu ni porojo.

Siku ile Bwana mdogo alikwenda mjini. Theluji ilikuwa ikianguka tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana Bibi alijilaza, akaniita. Alikuwa na kikohozi chake, vidole vimepauka. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile kile cha shambani, "Athumani, mimi naona baridi sana. Weka moto chini ya kitanda, kama mama yako alifanya nilipozaa."

Ningeweza kumwambia tumngoje mwanawe. Ningeweza kumwongezea blanketi. Badala yake nilifurahi, mama, nakuambia kweli, nilifurahi kuliko siku zote za mwaka huo. Nilichota makaa yaliyobaki stoo, nikayawasha uani katika karai, nikayapepea mpaka yakaiva yakawa mekundu matupu, moshi umekwisha kabisa, kama ulivyonifundisha. Nikalisukuma karai chini ya kitanda, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Bibi akasema, "Ahsante. Sasa nasikia Tanga." Mimi nikaenda jikoni kumenya viazi.

Nilipompelekea chai alikuwa amelala ubavu, mashavu mekundu kama ya msichana. Nikadhani joto limemwingia vizuri. Nikamwita mara tatu. Nilipomgusa ndipo nilipojua, na kichwa changu mwenyewe kilikuwa kimeanza kuzunguka.

Daktari alisema makaa yakiwaka ndani hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, moshi uwepo usiwepo. Nyumba ikiwa na mianya sumu hutoka. Ikizibwa, humlaza mtu asiamke tena. Polisi waliniuliza siku mbili, wakaandika kwamba ni ajali. Bwana mdogo hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Ulishika bomba?" Nikamjibu nililishika, lilikuwa vuguvugu. Akanipeleka mpaka chumbani kwa marehemu, akaniambia nivue sweta. Tukasimama pale, mimi na shati langu, mpaka nikatambua kwamba sisikii baridi.

"Bomba halikutakiwa kuunguza mkono, Athumani," akasema. "Chumba kilikuwa na joto. Mama alikuwa na homa."

Kisha akalia, na mimi nikalia.

Sijui kama nilimhurumia Bibi au nilitaka kuonyesha kwamba moto wangu bado una kazi. Nimejiuliza hilo kwenye mswala, nimejiuliza na nikiosha vyombo.

Sasa barua yako. Umesema nyumba ya Bakari hapo Pongwe imekwisha: saruji, bati, dari, madirisha ya vioo, hata mbu hapenyi. Umesema kigae cha kuwekea moto chini ya kitanda umekwisha kukipata, na makaa ya mkoko gunia zima, kwa ajili ya Mwanaisha na mtoto. Niliposoma hapo ndipo nilipoichana ile barua yangu ya kwanza. Usiweke moto huo, mama. Usiuweke ndani ya chumba kile hata akikuomba mwenyewe, hata majirani wakisema mwanao amezaa na hakutunzwa. Mkande kwa maji ya moto, mpe uji wa pilipili manga, na madirisha yawe wazi. Bakari, makaa hayo yapeleke jiko la uani leo.

Na najua, mama, utakaa peke yako uanze kuwakumbuka wanawake uliowawekea moto baada ya kuzaa, na watoto wao, waliofia mikononi mwako. Usijitese. Nyumba zetu za zamani kule Moa zilikuwa za udongo na makuti, upepo ukiingia ubavu huu unatokea ule. Wewe hukumuua mtu.

Nisalimie shangazi yangu wa Moa aliyenishonea kofia hii ninayoswalia, na baba mdogo mwadhini, umwambie amsomee Bibi dua hata kama hakuwa wa dini yetu. Mwanaisha mwambie tu kaka yake anamwombea.

Bwana mdogo amepita hapa jikoni, ameniona naandika, anakusalimu. Nilimuuliza kama anaukumbuka ule moto wako wa chini ya kitanda. Akasema moto hakumbuki wowote. Anakumbuka alipougua homa, ulimlaza kifuani mwako mpaka kulipokucha.

Mtoto wa Mwanaisha akisikia baridi, mama, mweke hapo.

Mwanao,
Athumani