Gongo Moja Si Magongo Mia Nne

Karakana, meza ya mbele
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Mpendwa mdogo wangu,

"Kimoja kikitengenezeka, mia nne vitatengenezeka. Kama huamini, muulize Shangazi." Hayo ni maneno yako, nimeyanakili kama yalivyo ili usije ukasema dada kazidisha chumvi. Basi nimefanya ulivyoniagiza. Nimemuuliza Shangazi.

Lakini salamu kwanza, maana mama hakutufundisha kuingia kwa watu na ugomvi mkononi. Hamjambo huko? Wifi yangu hajambo? Kifua cha mtoto kimetulia, au bado anakohoa alfajiri? Na wewe unakula, au bado unashinda na chai tupu hadi jioni na kuiita kazi? Sisi tu wazima. Goti langu linauma mvua ikikaribia, shemeji yako anakoroma kama zamani, na paa la stoo linavuja palepale ulipoliziba wewe. La paa silisemi kwa ubaya. Nalitaja tu.

Barua hii anakuletea dereva aliyeleta mabomba, kwa sababu simu yangu huipokei tangu Alhamisi.

Sasa tuje kwenye magongo. Mabomba ya alumini uliyoagiza yamejaa uani hadi hatuna pa kuanika nguo. Daktari wa mifupa anataka neno la mwisho kabla ya Ijumaa: karakana hii inaweza kuitengenezea hospitali yake magongo mia nne ya kutembelea, ya kukunja, kama ulivyoyachora, au haiwezi? Wewe umeshamwambia inaweza. Mafundi wanataka kuanza kesho. Mimi nimefunga chumba cha keekee, hiyo mashine yetu ya kutobolea matundu, ufunguo nimeuvaa shingoni, na tangu hapo hakuna anayenisemesha ila paka.

Unaandika kwamba ninaogopa vitu vipya. Mimi? Mimi ndiye niliyegombana na baba hadi akakubali umeme uingie karakanani, wakati wewe ulikuwa bado unagaagaa chini ukinyimwa sukari. Kipya sikiogopi. Ninaogopa kisichopimwa.

Nilikwenda kwa Shangazi Jumatano, mvua inanyesha, barua yako mkononi. Ile jozi ya sampuli uliyompa ilikuwa imeegemezwa ukutani kando ya kitanda, inang'aa kama vijiko vya wageni. Nikamsomea swali lako. Akainua mikono juu.

"Magongo ya mwanangu? Hayana mfano! Mwambie naruka nayo."

Ningeridhika na kuondoka. Lakini nyuma ya mlango niliuona mkongojo wake wa zamani, ule wa mti, na ncha yake ilikuwa na tope bichi. Magongo yako hayakuwa hata na vumbi. Na Shangazi alikuwa amevaa sweta, siku ambayo, pamoja na mvua, joto lilinifanya nijipepee kwa barua yako.

"Shangazi, vua sweta."

"Nasikia baridi."

"Vua."

"We mtoto, tangu lini unaniamuru nyumbani kwangu?"

Nikaupandisha mkono wa sweta mwenyewe. Kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo, ngozi yote imevilia damu.

Ilikuwa hivi. Pale katikati gongo linapokunjika, unajua, kuna pini moja inayotakiwa kupita tundu la bomba la juu na tundu la bomba la chini kwa pamoja. Mzee Tupa, aliyekutengenezea jozi hiyo, alitia rangi nyekundu kwenye gongo la kushoto, juu na chini, ili vipande visichanganyike. Shangazi naye unamjua, haachi kitu na doa. Aliyafungua magongo yote mawili, akayasugua kwa sabuni na mchanga hadi rangi ikatoka, akayaanika, akayaunganisha tena. Kipande cha chini cha kulia kikaingia kushoto. Pini ikalia ta! kama ilivyozoea. Akaliegemea kizingitini, gongo likajikunja, akaenda chini.

Akanikamata mkono. "Usimwandikie."

"Nitamwandikia."

"Mtoto ameshatoa neno kwa daktari. Nimemlea mimi, sitamtia aibu mimi."

"Na ungevunjika nyonga?"

"Ningesema nimeteleza bafuni."

Hakusita hata kidogo, mdogo wangu. Uongo huo alikuwa ameshauandaa akiwa bado yuko sakafuni. Huyo ndiye shahidi wako. Ni shahidi anayempenda mshitakiwa kuliko mkono wake mwenyewe, na hakuna hukumu inayoweza kusimama juu ya ushahidi wa namna hiyo.

Kesho yake nikaingia karakanani nimefura. Magongo kumi ya majaribio yalikuwa yamepangwa mezani kama wanafunzi mstarini, kila moja na alama yake ya chaki. Nikauliza alama ni za nini.

"Hizo ni ndoa, dada," Mzee Tupa akanijibu kwa fahari. "Kila chini ana juu wake. Nimewafungisha mwenyewe, kwa kusugua tundu moja moja kwa tupa."

Nikalivuta beseni la kunawia mikono, nikayafungua magongo yote, nikafuta chaki kwa kitambaa, nikatumbukiza vipande vyote humo na kuvikoroga.

"Mama wee! Umevunja ndoa za watu!"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mimi pia. Kisha nikawaambia kila mtu achukue juu yoyote na chini yoyote, aunganishe, na tupa isiguswe. Kicheko kikakauka. Mengine hayakufunga kabisa. Hayo nayaheshimu, yalisema kweli. Yaliyonitisha ni yale yaliyolia ta! vizuri, yakasimama wima, na nilipoyatwika mfuko wa mchanga yakajikunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Mkononi huwezi kuyatofautisha na yale mazima. Hata Mzee Tupa hakuweza, na nilimjaribu.

Akanyakua tupa yake. "Nipe, nayanyoosha sasa hivi."

Nikaishika upande wa pili. Tukavutana mbele ya watu, sisi wazima wenye mvi, kama watoto wanaogombea mpira.

"Ukitia tupa, umetengeneza sampuli nyingine!"

"Jozi ile nimeitengeneza kwa mikono hii! Nani anasema haiwezekani?"

"Wewe unaweza. Mimi nauliza kama karakana inaweza."

"Basi tafuteni fundi mwingine."

Akaiachia tupa, akachukua kofia yake, akatoka. Hajarudi. Kigoda chake hakuna anayekikalia, na mafundi wananitazama kama mtu aliyemfukuza baba yao.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapobishana nawe. Mzee Tupa hakuufuata mchoro wako. Aliusaidia. Keekee ilipopinda, alinyoosha. Matundu yalipokataa kukutana, aliyakutanisha kwa tupa, taratibu, huku akiimba. Ulichokiona kimesimama wima siku ile, ukapiga picha, ukampelekea daktari, ni subira ya Mzee Tupa, na subira ya mtu mmoja haigawanyiki kwa magongo mia nne. Mama yetu alituzaa tumbo moja, baba mmoja, na tazama tulivyotofautiana. Wewe unataka keekee ile kuukuu izae mapacha mia nne?

Utasema nafasi kati ya pini na tundu umeiandika kwenye mchoro, tuifuate tu. Umeandika nafasi ya unene wa unywele. Keekee yetu ikiwashwa tu, haijagusa kitu, inatikisika kuliko hapo. Karatasi haikatai neno. Naijua tabia yake, nimegombana na watu kwa barua za magazetini miaka yote hii na sijaiona hata mara moja ikimkatalia mjinga.

Utasema wagonjwa wanangoja. Hii ndiyo hoja yako nzito, na siipiti juu juu. Wanangoja kweli, nimewaona kwenye mabenchi ya ukumbini, wengine wamebebwa mgongoni na ndugu zao. Lakini anayengoja ameketi. Uliyempa gongo la uongo yuko kwenye ngazi.

Nikupe na haki yako, nisije nikawa mbishi asiye na masikio. Nilimwambia Shangazi tuachane na kukunja, tutengeneze gongo la kawaida lililonyooka, yaishe. Akanikatalia kabisa.

"Likikunjwa naliweka chini ya kiti," akasema, "watu wanazungumza na mimi. Lisipokunjwa, wanazungumza na magongo."

Hapo umenishinda. Nimesoma vitabu vingi, vya mashine na vya madaraja yaliyoanguka, na hakuna kilichoniambia neno hilo. Wewe ulilijua bila kuambiwa, kwa sababu ulimtazama. Kukunja kutabaki, na atakayetaka kukunja kuondolewe atanipitia mimi.

Kinachopaswa kubadilika ni pini. Ichongoke kidogo mbele, ijitafutie njia hata matundu yakipishana kidogo. Ipite hadi itokeze upande wa pili, ili mtu aipapase kwa kidole na kujua imefunga, asitegemee mlio. Macho ya Shangazi yameanza kuingia ukungu, lakini vidole vyake bado vinaona. Na matundu yote yatobolewe kwa kuongozwa na bamba moja la chuma kigumu lenye matundu ya mfano, si kwa jicho la fundi, hata awe fundi gani. Bamba nimeanza kulichonga mwenyewe, mikono imejaa malengelenge. Pini ni kazi yako.

Je, kwa hayo magongo mia nne yatatengenezeka? Sijui. Nataka tulijue jibu kwenye beseni, kabla mgonjwa hajatujulisha.

Msalimie sana Wifi, mwambie kile kitambaa nimekishona na kimenikaa. Mbusu mtoto, na asilale dirisha wazi. Shemeji yako anakusalimu, anasema umpokelee dada yako simu ili nyumba ipate amani. Shangazi naye anakusalimu kila jua likichomoza. Hajui ninakuandikia nini, na akijua, wiki nzima nitakula kwa jirani. Mungu akutunze, akupe akili pana na usingizi mzito, ila usingizi aucheleweshe kidogo mpaka umalize mstari wa mwisho.

Nawadai haya, wewe pamoja na wale wenzako wawili unaochora nao, ninaojua wanaisoma barua hii juu ya bega lako. Siku hiyohiyo mtakayoipata, mwandikieni daktari wa mifupa kwamba neno lenu la "tunaweza" mnaliondoa, mpaka jaribio lipite. Chora pini upya. Kisha njoni, nyote watatu, kwa miguu yenu mizima. Ukifika, wewe pitia kwanza kwa Mzee Tupa umwombe arudi; mimi hatanifungulia mlango. Beseni litakuwa mezani. Mtatia mikono humo, mtatoa juu yoyote na chini yoyote, mtaunganisha, na mtaegemea ninyi, kwa uzito wenu wote, kwenye zile ngazi za zege za stoo. Yakiwabeba, nitauvua ufunguo shingoni na kumpa Shangazi akifungue chumba cha keekee kwa mkono wake. Yasipowabeba, mtajua sakafu ya huku ilivyo ngumu. Mpaka leo anayeijua ni Shangazi peke yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukatalia