Robo ya Usingizi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku tuko salama. Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini anatembea, na ulimi wake hauna maumivu yoyote.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili ukiuona mwandiko wangu. Ni miaka sita. Nilitaka kupiga simu, nikaona nitaikata mwenyewe kabla hujapokea, basi nimeshika kalamu. Mama yako hajui kwamba nakuandikia.

Nina shida ya kifundi. Ni lile gari langu kuukuu la kijani. Jumamosi nilimwaga oili, nikarudisha boliti ya chini, na sasa inazunguka tu, haikazi. Meno ya ndani ya tundu yamekwisha. Unajua sampu yake, lile bakuli la oili chini ya injini, ni ya alumini na boliti ni ya chuma, kwa hiyo anayeumia ni sampu. Nimemuuliza muuza spea kama anaweza kunipatia sampu nyingine, akacheka, akasema magari ya aina hiyo yamebaki mawili tu, langu na la kwenye kalenda. Kwa sasa nimeizungushia boliti utepe mweupe wa mafundi bomba, na chini nimeweka beseni la kupokea matone. Nakuandikia haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyofanya.

Gari hilo ndilo linalompeleka mama yako kliniki kila Alhamisi. Muuza spea huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba huko kwenye karakana ya mabasi, kazi za kurudishia meno zinaletwa kwako wewe. Sikuwa najua. Vidole vyangu vya mkono wa kulia vimepoteza hisia. Siku hizi mpaka niitazame spana ndipo nijue nimeishika. Niandikie hatua kwa hatua, kama unayemfundisha mtu asiyejua kitu.

Baba yako


19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Jumapili nilizungumza na mama kwa simu, sikumgusia barua yako.

Mama asipande gari hilo mpaka litengenezwe. Oili ikiisha njiani injini inakamata, haizunguki tena, na hilo tunalijua sote wawili. Nimempa dereva wa basi kifurushi akuletee. Ndani kuna biti ya kutobolea, tapu ya kuchongea meno, springi tatu za chuma na washa mpya, zile pete za shaba.

Inua gari, ulikalishe kwenye stendi, usiamini jeki peke yake. Mwaga oili yote, futa tundu mpaka likauke. Paka grisi kwenye biti kabla ya kutoboa, ili vumbi la alumini ling'ang'anie grisi lisiingie ndani. Tapu nayo ipake. Ukiichonga, nenda nusu mzunguko mbele, rudi robo nyuma, na uende taratibu. Ikiingia upande, hiyo sampu ndiyo basi tena. Kisha zungusha springi moja mpaka izame ndani ya tundu. Hiyo ndiyo itakuwa meno mapya. Ile ncha yake ya chini ivunje uitoe kwa koleo jembamba. Kabla ya kufunga, mimina kikombe cha oili safi juu, kipite kioshe kilichobaki. Mwisho weka washa mpya, ukaze kwa spana ya kipimo. Ikilia, nguvu imetosha, acha.

Kama vidole havisikii, muombe mtu akushikie taa, na wewe uende kwa macho.

Nina swali moja la kifundi. Meno ya sampu hayaishi yenyewe. Nani amekuwa akiikaza hiyo boliti?

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, na za mama yako pia, ingawa hajui kwamba anamsalimia mtu. Kifurushi kimefika. Bado sijakifungua, maana swali lako lilinikalisha chini.

Jibu lake ni mimi. Tangu uondoke hakuna mtu mwingine aliyeigusa.

Nitakuandikia mambo unayoyajua, kwa sababu sijawahi kuyasema. Unaijua tabia yangu. Boliti ikishakazwa mimi huongeza robo mzunguko, naiita robo ya usingizi, ili nikalale bila wasiwasi. Ulipokuwa ukifanya kazi nami, kila boliti uliyoikaza wewe nilipita nyuma yako nikaongeza robo yangu. Sikukwambia. Nilijiona baba anayemlinda mtoto. Sasa naona kwamba sikukuamini, na hata wakati ule vidole vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi.

Mwalimu wa hesabu alipoleta gari lake kubadilishiwa oili, uliifanya kazi wewe. Siku ya tatu boliti ilidondoka njiani, oili yote ikamwagika, injini ikakamata akiwa na mkewe ndani. Alikuja hapa uani kwetu, mbele ya wateja, akauliza nani aliyeifunga. Nikasema, "Ni binti yangu." Nikaongeza kwamba mkono wa mwanamke hauna nguvu ya kukaza. Jioni ile nikakwambia uache funguo za karakana.

Sampu ya gari lile haikutazamwa na mtu. Tulibadilisha injini nzima, nikaitupa nyuma ya vyuma chakavu. Juzi, baada ya barua yako, niliifukua. Mwanangu, boliti iliyolegea hujifungua yenyewe ikaanguka, na meno ya tundu hubaki mazima. Ile sampu haina hata jino moja. Yameng'olewa yote, vilevile kama kwenye gari langu.

Ulikaza sawasawa. Aliyeharibu ni mimi. Nimekaa na chuma kile mapajani mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa. Naomba unisamehe.

Baba yako


20 Aprili

Baba, shikamoo.

Habari za hapo? Huku kwema.

Nilikuwa najua.

Siku ile nilikuwa nanawa mikono pale kwenye pipa. Niliona miguu yako imetokeza chini ya gari la Mwalimu, nikasikia spana yako ikienda kwa taabu, halafu ghafla ikaenda kwa wepesi. Nilijua maana yake. Nilitaka kukwambia, Baba, meno yamekatika. Lakini uliinuka unajifuta mikono, umeridhika, na Mwalimu alikuwa ameshafika, ukamwambia gari lake liko tayari. Nikasema moyoni nitakwambia akiondoka. Akaondoka, nami nikashindwa kukwambia wewe kwamba umekosea. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Yule mama wa watu angeweza kufa njiani.

Alipokuja Mwalimu kuuliza, nilisubiri. Nilidhani unajua. Kwa miaka sita nimeamini kwamba ulijua na ukanitoa mimi kafara. Leo ndipo naelewa kwamba hukujua, na sijui kama hilo linanipunguzia uchungu au linaniongezea.

Unajua huku wananiitaje? Legeza. Jina lilinifuata, dereva mmoja wa kwenu alilileta. Nimerudishia meno sampu zisizo na idadi, na bado kuna madereva wanaokagua kazi yangu mara mbili kabla ya kuwasha gari. Mmoja aliwahi kuniomba nimwite mwanamume amalizie.

Umeniomba msamaha kwenye barua, Baba, na barua hii naisoma mimi peke yangu. Yale maneno uliyasema mbele ya watu. Yarudishe pale pale ulipoyasema. Sikwambii haya kwa kukukomoa. Bila hivyo sijui nikusamehe vipi, nikikusamehe itakuwa ni kwa mdomo tu.

Mwanao


30 Juni

Baba, shikamoo.

Miezi miwili na zaidi sijapata neno. Nikimpigia mama anasema, "Baba yako yupo," halafu anabadilisha mazungumzo, na sauti yake siipendi. Hajawahi kuninyima habari zako hata tulipokuwa hatusemezani.

Kama ni lile nililokuomba, basi liache. Wewe ni mtu mzima, na kazi yako ndiyo heshima yako, nilidai kikubwa. Niandikie tu kwamba u mzima. Hata mstari mmoja.

Mwanao


11 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima. Barua yako ya mwisho niliikuta mezani niliporudi kutoka kwa Mwalimu, kwa hiyo umeniruhusu kuacha jambo ambalo nilikuwa nimeshalianza. Nisamehe kwa kimya. Nilijiapiza nisikuandikie mpaka niwe na la kusema.

Mwanzoni niliogopa, nakwambia kweli. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nikijipa sababu. Nikasema nitengeneze kwanza gari langu, nikalitengeneza kama ulivyoagiza, siku nne kwa kazi ya asubuhi moja. Mama yako alinishikia taa. Halitoi hata tone. Nikasema basi nimtafute Mwalimu, nikaambiwa amestaafu amehama, na nikafurahi, Mungu anisamehe. Ilinichukua muda kuitafuta nyumba yake kwa moyo mmoja.

Nilikwenda na ile sampu kwenye mfuko. Nilipanga kumwambia taratibu, sebuleni, wanaume wawili. Lakini masikio yake yamekwisha. Nilisema mara ya kwanza akasema nini? Nikasema mara ya pili, akanisogezea sikio. Ikabidi nipige kelele. "Injini yako niliiua mimi! Binti yangu aliikaza sawasawa!" Mkewe akatoka jikoni, jirani wakachungulia ukutani, na yeye bado anasema sijakusikia vizuri. Nilisema mara nne, mwanangu. Ya nne nilikuwa nalia. Akaishika ile sampu, akapitisha kidole ndani ya tundu, akasema, "Nilimsema vibaya yule mtoto darasani kwangu. Nilimfanya mfano."

Jumamosi nikawaeleza wateja hapa uani, wote waliokuwepo. Wawili waliondoka na magari yao. Wana haki. Mikono hii haipaswi tena kuingia chini ya gari la mtu, nami nimeshawaambia waliobaki watafute fundi mwingine.

La mama yako ndilo gumu kuliko yote. Nilimwambia yeye mwisho, ingawa miezi yote hii alihisi nina jambo namficha, na hapo ndipo nilipokosea tena. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Miaka sita namwombea mtoto wangu asamehewe kosa lako." Tangu siku hiyo ananipakulia chakula na kunijibu salamu, basi. Simlaumu.

Sikuombi kitu sasa. Nilitaka ujue kwamba nimesema.

Baba yako


25 Julai

Baba, shikamoo sana.

Barua yako ilifika Jumatatu wakati wa chai. Niliisoma peke yangu nyuma ya basi bovu, halafu nikaingia ndani, nikawaambia mafundi wazime redio. Nikawasomea. Sikuwaeleza kwa nini, nilianza tu kusoma pale unapokwenda na sampu kwenye mfuko.

Nilipofika uliposema niliikaza sawasawa, nikaishusha barua. Fundi wa breki, yule mzee ambaye huwa hasemi, alichukua karatasi mkononi mwangu akasoma mpaka mwisho. Anasoma vibaya, anaruka maneno, lakini hakuna aliyecheka. Dereva aliyelileta lile jina aliinama akaanza kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Baadaye alinijia akaniomba nimtazamie gari lake mwenyewe, la nyumbani kwake.

Mama nimempigia. Nimemwambia kwamba na mimi nilijua nikanyamaza, kwa hiyo akinuna atununie wote wawili. Aliuliza tu kama umekula. Nadhani alitaka nikuulize mimi.

Kwa Mwalimu sina neno. Akitaka kunisalimu nitamsalimu.

Baba, nimechoka kukukasirikia. Nilidhani hasira ikiondoka nitajisikia mwepesi, kumbe chini yake kulikuwa na kukukumbuka, na hicho ndicho kizito. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika Ijumaa mchana. Usije kunipokea stendi, nitakuja mwenyewe mpaka uani.

Nikifika, unikaribishe kwanza, nimsalimie mama, tukae. Halafu nina ombi moja. Wamesikia jirani zake Mwalimu, wamesikia wateja wako, wamesikia mafundi wa huku kwa mdomo wa mzee wa breki. Mimi nimesoma tu. Nataka uniambie mwenyewe, Baba, kwa sauti yako, mara moja inatosha, na huna haja ya kupiga kelele. Nasikia vizuri.

Mwanao